Gari la Saa Kumi na Moja

REHEMA: Karibuni jamani kwenye kipindi chetu, leo ni usingizi wa watoto wenye ADHD. Kaka Musa, leo naanza mimi, maana Jumatano usiku nyumbani kwangu hakukulalika. Kijana wangu mnamjua, ana miaka minane, mwaka jana alipimwa wakasema ni ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia. Saa mbili yuko kitandani, taa nimezima. Saa tano ananiuliza kama papa nao wanalala. Saa kumi na moja kasoro robo, honi ya gari la shule getini.

MUSA: Alfajiri hiyo?

REHEMA: Alfajiri. Sisi ndio wa kwanza kuchukuliwa, kisha gari linazunguka Mbezi nzima.

MUSA: Pole sana dada. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Wako hata 6 hazikufika.

REHEMA: Halafu darasani anaitwa mtundu! Mtu mzima akikosa usingizi anasinzia, mtoto anarukaruka.

MUSA: Hapo tuko pamoja. Ila hiyo saa mbili siikubali. Watoto wengi wenye ADHD, ile homoni ya usingizi, melatonini, hupanda kwa kuchelewa. Saa mbili mwili wake haujajua kama ni usiku. Unamlaza, anagaragara mpaka anakichukia kitanda. Mlaze saa nne na nusu, akizoea kusinzia mara moja, unarudisha nyuma robo saa, robo saa. Binti yetu tulimfanyia hivyo.

REHEMA: Binti yako hachukuliwi na gari saa kumi na moja.

MUSA: Basi tulizungumzie gari! Kwa nini nyinyi ndio wa kwanza mwaka mzima? Wageuze njia kila muhula, kila mtaa uonje.

REHEMA: Nimeshauliza. Matroni anasema muulize dereva, dereva anasema muulize ofisi.

MUSA: Na ofisi?

REHEMA: Ofisi inasema ni foleni.

MUSA: Wazazi wa mtaa mzima muende pamoja. Mmoja mmoja hawawasikilizi.

REHEMA: Tutakwenda, lakini usiku wa leo gari ni lile lile. Na mtoto wangu anachoshika ni mpangilio: kuoga, dua, hadithi, taa. Nikisogeza saa, vyote vinavurugika. Tena analala chumba kimoja na mdogo wake.

MUSA: Mpangilio ubaki, uanze baadaye.

REHEMA: Halafu alale saa sita?

MUSA: Kwani sasa analala saa ngapi?

REHEMA: Angalau amelala chini, mwili umetulia.

MUSA: Anayeuliza habari za papa hajatulia, dada.

REHEMA: Mimi siisogezi, Musa.

MUSA: Na mimi sibadili kauli.

REHEMA: Fundi mitambo anatuonyesha zimebaki dakika mbili. Tulikuwa na orodha ndefu: simu, soda za jioni, dozi ya dawa...

MUSA: Haitoshi. La dawa tu: methilifenideti, dawa ya ADHD, ikinywewa jioni inaweza kufukuza usingizi. Msiiache wala kuisogeza wenyewe, mwambieni daktari aliyeiandika.

REHEMA: Na mtoto akikoroma kila usiku, au pumzi inakatika akiwa amelala, mpelekeni akaangaliwe tonsili na nyama za puani. Akisema miguu inamtekenya kila akilala, ombeni apimwe madini ya chuma. Mengine wiki ijayo.

MUSA: Wiki ijayo tunaanza na ofisi ya magari.