Kioo Kisichosikia la Mkuu

MWANAIDI: Karibuni tena kipindini, ndugu wasikilizaji. Tulipanga kuzungumzia mambo matatu ya kukagua kabla ya kuilaumu mota ya kioo cha mlango wa gari, lakini mwenzangu ameingia studioni akiwa na grisi vidoleni, na kwa jinsi mnavyomfahamu, orodha itasubiri. Kaka Salim, mlango umeingia?

SALIM: Mlango umeingia, dada Mwanaidi, na bawaba zimekaa sawasawa, kilichogoma ni umeme. Wiki hii niliung'oa mlango wa abiria wa pikapu yangu, ule ulioliwa na kutu, nikafunga mwingine uliotoka kwenye pikapu ya aina hiyohiyo, ila iliyoundwa miaka michache baadaye. Plagi ya mlangoni iliingia kwenye ile ya nguzoni bila kulazimishwa. Nikibonyeza swichi ya abiria, kioo kinapanda na kushuka ipasavyo. Nikikiamuru kipande kwa swichi kuu iliyo upande wa dereva, kinashuka. Nikikiamuru kishuke, kinapanda.

MWANAIDI: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

SALIM: Nami nimekwisha kumpa jina. Anaitwa Mkaidi.

MWANAIDI: Kabla hatujamhukumu Mkaidi, waeleze wasikilizaji jinsi swichi hizo mbili zinavyoshirikiana.

SALIM: Mota ya kioo katika pikapu kama yangu ina nyaya mbili tu, na hakuna hata mmoja uliofungwa kwa kudumu kwenye ethi, yaani bodi ya gari iliyounganishwa na upande hasi wa betri. Waya mmoja ukipata volti 12 na wa pili ukaenda ethi, mota huzunguka upande mmoja; ukibadilisha, huzunguka upande wa pili. Swichi ya abiria ina nyaya tano: mmoja huleta chanya, mbili hutoka kwenye swichi kuu, na mbili huenda kwenye mota. Isipobonyezwa, huziunganisha nyaya za swichi kuu moja kwa moja na zile za mota, na swichi kuu nayo, ikiwa imetulia, huzipeleka zote mbili ethi. Kwa hiyo abiria anapobonyeza, hutoa chanya upande mmoja tu, huku upande wa pili ukipata ethi kwa kupitia swichi ya dereva.

MWANAIDI: Ndiyo maana mtu akiing'oa swichi kuu ili aisafishe, kioo cha abiria nacho hufa, na wapo wanaokimbilia kununua mota mpya wakati ile ya zamani ni nzima kabisa.

SALIM: Na ndiyo maana Mkaidi anamtii abiria. Abiria anapobonyeza, nyaya zote mbili zinazotoka kwa dereva ni ethi, hivyo hata zikipishana hakuna litakaloonekana. Kosa hujitokeza pale tu dereva anapotuma chanya, kwa kuwa chanya hiyo huingia kwenye waya usio wake. Nilifungua jalada la mlango nikazifuata nyaya moja baada ya nyingine: plagi zina umbo lilelile, lakini mpangilio wa pini si uleule.

MWANAIDI: Pishanisha nyaya mbili za mota.

SALIM: Nikifanya hivyo, Mkaidi atamsikia dereva, kisha ataanza kumwasi abiria.

MWANAIDI: Basi igeuze na swichi ya abiria juu chini, na Mkaidi atatii serikali zote mbili.

SALIM: Na ule mchoro mdogo wa kioo uliochongwa juu ya swichi utasimama kichwa chini!

MWANAIDI: Abiria hutazama barabara, hasomi swichi. Lakini mzaha kando, mimi ningezikata zile nyaya mbili zinazotoka kwa dereva pale zinapokaribia swichi ya abiria, nikazipishanisha, nikazitia lehemu na kuzifunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Plagi ya zamani siigusi. Plastiki yake imekauka, na kikucha kinachoishika pini huvunjika ukikisukuma; pini isiyoshikwa hurudi nyuma plagi inapounganishwa, ukapata hitilafu ya kuja na kuondoka, ambayo ni mbaya kuliko hii.

SALIM: Sikubali. Kosa liko kwenye plagi, na hapo ndipo litakaporekebishwa. Nikihamisha pini sikati waya wowote, na kila waya utafika pale mchoro unapoonyesha. Lehemu huufanya waya kuwa mgumu, na pale inapoishia ndipo unapokatika, hasa ndani ya mlango unaofungwa kwa kishindo kila siku.

MWANAIDI: Waya uliofungwa barabara kwenye fungu lake haukunjwi na kishindo.

SALIM: Fundi atakayefuata atajuaje kwamba umepishanisha?

MWANAIDI: Atasoma kibandiko nitakachokiacha.

SALIM: Vibandiko hudondoka.

MWANAIDI: Na vikucha huvunjika, kaka Salim.

SALIM: Kwa kisu chembamba na subira havivunjiki.

MWANAIDI: Wewe una subira ya plagi kuliko ya watu. Mtayarishaji ananionyesha kwamba zimebaki dakika mbili, na orodha yetu haijaguswa. Nichukue mita peke yake: mita huweza kuonyesha volti 12 hata kwenye waya uliobakiwa na unyuzi mmoja, kwa sababu yenyewe haivuti umeme wa maana; lakini mota inapodai ampea zake, volti hizo huporomoka. Pimeni mota ikiwa imeunganishwa na swichi imebonyezwa, au tumieni taa ya kupimia yenye balbu.

SALIM: Na waanze ndani ya ule mpira ulio kati ya nguzo na mlango, kwani nyaya hukunjwa hapo kila mlango unapofunguliwa. Relei na fyuzi...

MWANAIDI: Relei na fyuzi hazitapata nafasi leo.

SALIM: Sawa, ila pini nitazihamisha Jumamosi.

MWANAIDI: Tafuta kwanza plagi ya akiba.