Mgeni Aje na Mkono Wake: Street Fighter Ugenini

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Mliosimama nyuma nisameheni, viti vimeisha, na kusema kweli sikutegemea gemu za kupigana zijaze ukumbi siku ya kazi.

Tuanze na zoezi. Kila mtu aweke kidole gumba cha kushoto juu ya paja. Kibonyezeni chini. Sasa kiviringisheni bila kukiinua: chini, chini-mbele, mbele. Kikifika mbele tu, mkono wa kulia unagonga kitufe cha ngumi. Hapo hapo! (Kicheko.) Nimesikia watu wametamka lile neno kabla sijalitaja. Sisi tulikuwa tunasema “aduken”. Linaandikwa Hadouken, ni Kijapani, maana yake kama ngumi ya wimbi. Wakati ule maana haikutuhusu. Kidole kilijua, basi.

Robo duara hiyo ndiyo mada yangu yote. Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, waliiweka kwenye gemu yao ya kupigana, Street Fighter ya kwanza, mwaka 1987, na Street Fighter II ya 1991 ikaisambaza duniani. Tangu hapo wapiganaji wake, Ryu, Ken, Chun-Li na Akuma, wamealikwa kwenye gemu nyingine mara nyingi mno. Tukianza kuziorodhesha tutalala hapa. Mimi nina neno moja tu. Mhusika akihamia gemu nyingine, sura si kitu. Kinachohama ni mkono wa mchezaji. Ryu akifika ugenini na kidole changu kikamtambua bila kufundishwa, huyo kweli amekuja. Kisipomtambua, hiyo ni nguo yake imetundikwa mlangoni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna hata Ryu ndani yake. Desemba 1993 Capcom walitoa Japani gemu ya Mega Man X kwa Super Famicom, mashine ya Nintendo. Gemu ya kukimbia na kupiga risasi, shujaa ni roboti anayeitwa X, mkono wake mmoja ni mzinga. Hakuna ngumi, hakuna mateke. Sasa kuna hatua moja, ya bosi anayeitwa Armored Armadillo, mnyama wa magamba anayefanana na kakakuona wetu ingawa si ndugu wa damu. Unapanda vitoroli vya mgodini, vinakimbia kwenye reli, na karibu na mlango wa bosi kitoroli chako kinaruka shimoni. Ukiruka kwa wakati, unadaka ukingo wa mwamba ulioko juu, unakuta kopo la kujaza uhai. Unalichukua. Halafu, sikilizeni vizuri, unajirusha shimoni ufe makusudi. Unarudi, unapanda tena, unajiua tena. Mara kadhaa. Na kabla ya hapo uwe umekusanya kila silaha, kila kipande cha deraya, kila moyo na kila tangi la akiba katika gemu nzima.

Ukifanya wazimu huo wote, na ukafika juu ya mwamba uhai wako ukiwa umejaa, unakuta chumba cha kioo. Ndani yake anatokea Dokta Light, yule mzee aliyemuumba X. Siku zote yeye huvaa koti la maabara. Safari hii amevaa gi, ile nguo ya karate! Anakufundisha Hadouken.

Unaitumiaje? Hutafuti silaha kwenye menyu. Unasimama ardhini, uhai umejaa, unachora chini, chini-mbele, mbele, kisha kitufe cha risasi. Bosi anakufa kwa pigo moja. Katika gemu hiyo hakuna silaha nyingine inayotoka kwa kuviringisha kidole. Capcom wangeweza kumchora Ryu amesimama pembeni anapunga mkono, watoto tukafurahi tukalala. Wao wakaingiza sheria ya nyumba moja ndani ya nyumba nyingine, na ufunguo wakauacha kwenye kidole cha yeyote aliyewahi kucheza Street Fighter. Mwaka uliofuata Mega Man X2 ikaleta Shoryuken, ile ngumi ya kupaa ya Ryu, kwa mtindo huohuo, nayo nitaipita.

Hapo lakini ni nyumba mbili za baba mmoja. Kazi inaanza mgeni akienda kwa watu. Akuma alitangulia: mwaka 1994 alijificha kama mhusika wa siri ndani ya X-Men: Children of the Atom, gemu ambayo Capcom waliitengeneza kwa mashujaa wa Marvel. Mwaka 1996 wakafungua mlango wazi, X-Men vs. Street Fighter. Kule watu wanaruka mpaka picha inapanda kuwafuata, kwa hiyo Ryu naye ilibidi akue. Shinkuu Hadouken, ile kubwa, ikawa mwale mnene unaovuka kioo chote. Ila ukitazama mkono wa mchezaji, unachora robo duara ileile, kisha unagonga ngumi mbili kwa pamoja.

Sasa niwaletee umbea kidogo.

Street Fighter ya kwanza iliongozwa na Takashi Nishiyama. Baadaye alihama Capcom akaenda kwa wapinzani wao, SNK, na huko akaanzisha Fatal Fury, iliyotoka 1991. Mwaka 1992 SNK wakatoa Art of Fighting, yenye marafiki wawili, Ryo Sakazaki na Robert Garcia. Ukiwatazama kwa jicho la Capcom, hao ni Ryu na Ken waliobadilishwa nguo. Capcom walinyamaza. Mwaka 1995, kwenye Street Fighter Alpha, akatokea bwana mmoja anaitwa Dan Hibiki. Gi ya waridi. Imeshonwa kama ya Ryo, nywele zimefungwa nyuma kama za Robert. Majigambo mengi, na mtindo wake wa kupigana anauita Saikyo, yaani wenye nguvu kuliko yote.

Mliokulia kwenye taarabu mmeshaelewa. Dan ni mpasho! Hakutajwa mtu jina, lakini kila aliyekaa ukumbini anajua anayeimbwa ni nani. Na utamu wa mpasho uko kwenye kidole. Unachora robo duara kama ya Ryu, kwa ustadi uleule, unagonga ngumi, na kutoka kwenye kiganja kimoja cha Dan kinatoka kimwali kidogo kinachokufa hapohapo puani kwake. Ukiona tu picha yake utatabasamu. Ukimcheza, unaumbuka wewe mwenyewe. Ninavyoona mimi hakuna kijembe kilichoandikwa vizuri zaidi ya hicho katika historia ya gemu za kupigana, na kimeandikwa bila neno hata moja.

Wapinzani hao mwishowe walikaa meza moja. Capcom vs. SNK ilitoka mwaka 2000, na hapo ikazuka hesabu ngumu: Street Fighter ina vitufe 6, ngumi 3 na mateke 3, za SNK zilizoeleka kwa 4. Nani amfuate nani? Gemu ya kwanza ilitumia 4, Capcom wakakubali kuwa wageni kwenye mradi wao wenyewe. Ya pili, mwaka 2001, ikarudi kwenye 6, lakini ikaleta jambo ambalo bado nalistaajabia. Kabla hujachagua timu unachagua sheria. Ziko aina 6, wanaziita groove, kila moja ina herufi yake. Ukichukua P unapata ile mbinu ya kupangua pigo kwa kusukuma mbele, ya Street Fighter III. Ukichukua K, geji yako, ule mstari wa nguvu kwenye kioo, inajaa unapopigwa, unapata hasira kama kwenye Samurai Shodown, gemu ya mapanga ya SNK. Kwa hiyo Ryu anaweza kupigana kwa mila za SNK, na Ryo kwa mila za Capcom. Dan na Ryo nao wamo humo, mnaweza kuwakutanisha wamalize maneno yao.

Nakuja kwa Akuma na Tekken, kwa sababu najua wengi wenu humu ni watu wa Tekken.

Tekken, gemu ya kupigana ya kampuni ya Namco, ina vitufe 4, lakini si vya nguvu. Ni viungo: mkono wa kushoto, wa kulia, mguu wa kushoto, wa kulia. Ni gemu ya pande tatu, unakwepa kwa kupiga hatua pembeni. Hadi Tekken 7, karibu hakuna aliyekuwa na geji ya kujaza. Kwa kawaida watu hawarushiani moto kutoka mbali. Karibu kila kitu anachokijua Akuma hakina mahali pa kuwekwa. Street Fighter X Tekken ya 2012 ililikwepa tatizo hilo kwa kuwaleta watu wa Tekken kwenye uwanja wa pande mbili wa Capcom. Gemu ya pili, ya kuwapeleka wa Capcom kwenye uwanja wa Namco, ilitangazwa na haikutoka kamwe.

Badala yake alikwenda mmoja. Tekken 7 Fated Retribution iliingia kwenye mashine za kulipia Japani mwaka 2016, ikaja majumbani Juni 2017, Akuma yumo. Na hawakumpunguza. Alikuja na geji yake, karibu wenyeji wote hawana. Alikuja na moto wake, na ngumi ya kuruka inayokulazimisha uwaze ulinzi kwa namna ambayo Tekken haikuwahi kukudai. Wenyeji nao wana silaha moja: hatua pembeni. Moto unapita, Akuma kazubaa, unamwadhibu. Nani aliumia kwanza? Mchezaji aliyeizoea Tekken kwa miaka 20, ambaye mikono yake haikuwa na jibu. Wengi wa mashindano walilalamika, na malalamiko yakaongezeka alipofuata Geese Howard wa Fatal Fury mwishoni mwa 2017.

Mimi nasema waliolalamika walikuwa wamethibitisha kwamba mgeni amefika. Hakuna anayelalamikia nguo. Hata kwenye hadithi wamempa kazi ya kweli: Kazumi, mke wa Heihachi, aliwahi kumwokoa, na akamwachia ombi kwamba yeye akifa, Akuma awaue Heihachi na Kazuya, mume na mwana. Huo ni mgogoro wa ndani kabisa wa familia ya Mishima, na mgeni kapewa kisu. Waswahili tunasema siku ya tatu mpe jembe. Hawa walimpa jembe mlangoni, mkoba hajautua. (Kicheko.)

Smash Bros. ya Nintendo ilipata njia ya upole zaidi. Ryu alijiunga Juni 2015. Kule pigo maalumu ni rahisi, unaelekeza upande na kugonga kitufe kimoja, mtoto wa darasa la pili anaweza. Ryu wakamwekea milango miwili. Ukigonga kitufe, Hadouken inatoka. Ukichora robo duara, inatoka yenye nguvu zaidi. Asiyejua hakosi, anayejua anazawadiwa. Kwenye Smash Ultimate ya 2018 wakaongeza kitu kidogo ambacho asiyecheza hawezi kukiona: mkiwa wawili tu uwanjani, Ryu na Ken hujigeuza wenyewe kumtazama adui, kama kwao. Maana “mbele” ya robo duara ni upande aliko adui. Usipojua adui yuko upande gani, huna mbele.

Naona mkono. Ndiyo, mdogo wangu mwenye fulana ya njano. Anauliza, na Fortnite je? Ryu na Chun-Li si waliingia Fortnite?

Waliingia, Februari 2021. Unavaa umbo la Ryu, unaokota bunduki, unakimbia. Ukichora robo duara unakuwa umezunguka mahali pamoja kama kuku. Sina ugomvi nayo, na watoto walioijua sura ya Chun-Li kwa njia hiyo ni wengi. Lakini kwa kipimo changu, hiyo ni khanga nzuri ya mtu ambaye hayupo.

Swali la pili, dada pale mbele. Aa. Swali hili nililiogopa toka asubuhi. Anasema: Street Fighter 6 yenyewe, ya 2023, ina mtindo wa Modern ambapo Hadouken inatoka kwa kitufe kimoja. Sasa nyumbani kwenyewe robo duara si lazima tena. Mgeni atabeba nini?

Dada, hilo linaniuma na sina dawa yake. Terry Bogard wa Fatal Fury aliingia Street Fighter 6 Septemba 2024, mtoto wa Nishiyama anarudi kwa kaka yake mkubwa, na mwaka 2025 Ken akavuka kwenda Fatal Fury: City of the Wolves. Kwa kumbukumbu tu, Nishiyama huyohuyo alianzisha kampuni ya Dimps mwaka 2000, na Dimps ndio waliosaidiana na Capcom kutengeneza Street Fighter IV. Familia hii haijawahi kuachana. Ila nyumba zote mbili sasa zina mlango wa kitufe kimoja. Binti yangu anamcheza Ryu kwa Modern. Hajawahi kuchora robo duara maishani mwake. Ananipiga, na si mara moja moja. Juzi nilimwomba ajaribu ile ya zamani, akachora, Hadouken haikutoka, Ryu akapiga ngumi hewani, naye akaniuliza, “Baba, kwa nini mlikuwa mnajitesa?” Nilimjibu jambo, silikumbuki, halikuwa jibu zuri.

Muda umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Nimeweka skrini pale pembeni, City of the Wolves iko tayari, Ken dhidi ya Terry. Pedi ziko mbili. Ya kushoto mshale wa chini umelegea, Hadouken isipotoka msilaumu vidole.