Mnakula nini huko? Haya leo nawajibu, na unga wa Yanga nimeukuta Ohio

Jamani habari zenu, wakubwa shikamooni. Leo mnivumilie sura, nimetoka shifti ya usiku, sijalala, mekapu hamna.

Nimeamua kuiongelea hii kitu manake nikipost chakula tu, swali ni lile lile. "Dada, kwani Marekani hela zimeisha? Mbona kila siku maharage?" Haya, wiki ile nikapost nyama, mwingine akaandika najidai wakati wenzangu wanalala njaa. Sasa nile nini? Nikila nyama natamba, nikila maharage nalia shida, basi nisile kabisa ili mfurahi!

Sikilizeni. Haya mnayoyaona kwangu ni chakula cha zamani cha Wamarekani wenyewe, cha wakati babu zao hawana kitu, na aliyenifundisha ni bibi ninayemlea kazini. Jina lake sitaji wala simrekodi, hairuhusiwi. Ana miaka 91, kazaliwa kule milimani Kentucky, baba yake akaja huku Ohio kutafuta kazi ya kiwandani kama walivyokuja wengi wa kwao. Kwa hiyo na yeye ni mtoto wa mbeba boksi, tofauti yake na mimi ni kwamba baba yake hakuombwa viza.

Chakula cha kwao cha kila siku ni maharage na mkate wa mahindi. Maharage yenyewe ni haya ya madoadoa, wanaita pinto, mfuko wa ratili moja, karibu nusu kilo, hata dola mbili haufiki dukani kwangu. Kuchemsha maharage sitawafundisha, nitakuwa nawatukana. Ila wao hawaungi kwa nazi wala nyanya, wanatumbukiza mfupa wa nguruwe wa moshi, maharage yanachemka nao mpaka supu inakuwa nzito, basi. Mimi nguruwe sili, naweka bawa la bata mzinga la moshi. Bibi akionja anakunja uso anasema haijafika, lakini sahani anamaliza.

Mkate sasa. Unga wa mahindi wa njano, mtindi, yai, beking pauda, chumvi. Kikaango cha chuma kinatangulia kwenye oveni na mafuta yake mpaka yawe moto kweli, ndio unamimina, unasikia chwaaa, dakika 20 hivi kwenye 425 Farenhaiti, hiyo ni kama 220 Selsiasi kwa oveni za huko. Sukari usiweke! Watu wa kaskazini wanaweka, bibi anasema hiyo ni keki. Ukibaki, usiku anauvunjavunja kwenye glasi ya maziwa baridi anakula na kijiko, siku ya kwanza nilicheka peke yangu manake hebu niambieni, hapo ana tofauti gani na mtu anayekula kiporo cha ugali na maziwa?

Siku nimempigia mama video call, yuko Tanga, nikamwonesha ule unga. Akanyamaza. Halafu akasema, "Huo si unga wa Yanga?" Nilicheka mpaka simu ikadondoka. Wadogo hamjui, waulizeni wazee, ile miaka ya mwanzo ya themanini sembe ilipoadimika, watu wanapanga foleni duka la kaya, wanaacha jiwe liwashikie nafasi, kulikuwa na unga wa mahindi ya njano ya msaada, mengine yalitoka huku huku Marekani. Rangi yake ya njano, kama jezi za timu ya Yanga, ndio ikaupa jina. Baba yangu alikuwa Simba damu, mama anasema alikuwa anaula amegeukia ukutani. Watu waliudharau, wakasema hayo ni mahindi ya mifugo. Kumbe kuna bibi Kentucky amekuzwa nao na mpaka leo anauona ni chakula cha heshima! Mama bado haamini, anadhani namfariji.

Nyama nayo ile ile hadithi. Nyie mnajua kwetu, nusu kilo watu wanane, viazi vingi mchuzi urefuke, kila mtoto finyango moja. Huku walichofanya ni mkate wa nyama: nyama ya kusaga unaichanganya na mkate wa juzi uliolowekwa maziwa, au biskuti za chumvi umezipondaponda, kitunguu, yai, unaoka kwenye bati la mkate, juu unapaka tomato. Ratili moja inalisha familia. Na sasaivi ratili hiyo hiyo ya nyama ya kusaga naikuta imepita dola tano, kwa hiyo biskuti kwangu zinaongezeka kila wiki.

Halafu kuna viboksi. Yale makaroni na jibini ya unga ya Kraft yalitoka 1937, boksi senti 19, watu wanne wanakula. 1971 ikaja Hamburger Helper, nyama kidogo unaweka wewe, tambi na viungo vimo kwenye boksi. Mimi viboksi sivipendi, chumvi tupu. Ila tambi na tuna ya kopo na supu ya uyoga ya kopo, unaoka pamoja, hiyo naipika sana. Msije mkafikiria zile tambi zetu za Ramadhani, hizi hazina sukari.

Na ilinitoa mbali. Mwaka juzi kibali changu cha kazi kiliisha, nilishaomba kipya mapema, nimelipa, risiti ninayo, kadi haiji. Pale nilipokuwa nafanya kazi wakaniambia bila kadi kaa nyumbani. Wiki sita! Kodi inadai, bili zinadai. Kuna wanaoandika "si mnapewa chakula na serikali", nani kawaambia? Ile SNAP, ndio huo msaada wa chakula wa serikali, mimi kwa makaratasi yangu sipati, na hata mtu mzima mwenye grini kadi kwa kawaida anasubiri miaka mitano. Wiki sita tuna, maharage, tuna, maharage. Na ndani ya wiki hizo hizo nikaunganishwa kwenye grupu la harusi, nikaeleza hali yangu, shangazi mmoja akajibu kwa voisi noti, "Mtu wa dola hakosi." Ile voisi noti ninayo mpaka leo.

Sisemi kila mtu huku anaishi hivi. Kuna wenzangu manesi wanakula wanachotaka, kuna wenye watoto ambao hawagusi haya maharage hata uwafunge kamba. Mimi naongelea jiko langu na mfuko wangu, ukija huku na ukaona tofauti usiniletee kesi.

Mkate wa nyama nitaupika mbele yenu nikipata ofu, labda Jumapili, wakibadilisha shifti basi tena. Na shangazi najua unaangalia, mchango wangu nilishatoa, mwulize mweka hazina.