Jinsi ya kuuona ute wa utumbo kwenye hadubini bila kuupoteza

Mambo vipi wadau wa maabara, leo tunaangalia slaidi naipenda kuliko zote, ute wa utumbo mpana, watu wanauchukulia kama uchafu tu kumbe ndo unatukinga na uvimbe kila siku.

Haya, hiki ni kipande cha utumbo mpana wa panya wa maabara, kina kinyesi ndani. Kiacheni humohumo! Usikioshe, usikiminye, ute wenyewe karibu wote ni maji, ukisuuza tu umeshaondoka.

Fomalini, ile dawa ya kawaida ya kuhifadhi nyama za mwili, weka pembeni, ina maji, ute unasinyaa hadi unadhani haukuwepo. Tunatumia dawa ya Carnoy, nayo ni ya kuhifadhi: ethanoli kavu (isiyo na maji) sehemu 6, klorofomu 3, asidi asetiki 1... ngoja kamera imeingia ukungu, nifute... sawa. Changanyia kwenye kabati la kufyonza mvuke, chupa iwe ya glasi maana klorofomu inayeyusha baadhi ya plastiki. Loweka masaa 3 au zaidi, na kikitoka kinaenda kwenye ethanoli kavu, SIO maji. Narudia jamani, sio maji.

Kugandisha kipande kwenye nta ya parafini na kukikata vipande vyembamba mnajua, unene mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), twende. Sasa rangi inayopaka ute bluu, Alsiani bluu ya pH 2.5, nusu saa, suuza, hapa maji ruksa.

Ona sasa! Hivi vya bluu vyenye umbo la glasi ya mvinyo ni seli za gobleti, ndo zinamwaga protini ya MUC2 iliyojaa sukari. Huu mkanda uliobana ni tabaka la ndani, kwa panya ni kama mikroni 50, bakteria hawapenyi, wao wanakaa huku nje kwenye ute uliolegea. Watafiti wa Gothenburg, Sweden walilionyesha hili mwaka 2008, na panya wasio na jeni ya MUC2 bakteria wanagusana na seli moja kwa moja, kinga inawaka, utumbo unavimba wenyewe bila kuchokozwa. Hata wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ukipamba moto, seli hizi zinapungukiwa ute.

Slaidi ya pili ni ya panya aliyenyimwa nyuzinyuzi. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi wanageukia sukari za kwenye ute, wanautafuna, ona mkanda ulivyokonda. Mimi ndo maana maharage hayakosi kwangu.

Ukipima unene, pima penye kinyesi tu, sehemu kadhaa, halafu chukua wastani. Penye utumbo mtupu ute unajikunja na namba inakudanganya.