Tuushushe Wavu

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni. Nimeombwa nizungumzie mpira wa wavu shuleni, nami nitaanza na kosa langu.

Uwanja wetu ni mistari ya majivu, na wavu wetu ni kamba ya katani iliyofungwa kati ya mwembe na nguzo. Kila jioni alikuja binti mmoja anayetembea kwa magongo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu pointi. Amehesabu miaka miwili! Mimi nikaridhika kabisa kwamba nimempa nafasi.

Sasa sikilizeni mchezo huu ulikotoka. Mwaka 1895, mjini Holyoke, Marekani, William Morgan alikuwa akifundisha mazoezi YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo watu wazima ambao mpira wa kikapu ulikuwa mzito mno kwao. Akatundika wavu katikati, kila upande ukabaki kwake, wakaacha kugongana. Kwa hiyo tangu mwanzo mpira wa wavu ulibuniwa kwa kuwafikiria wale ambao mchezo mwingine umewashinda. Mimi nilikuwa nimeufanya mali ya warefu.

Waholanzi mwaka 1956 waliushusha zaidi, wachezaji wakakaa chini. Badala ya uwanja wa mita 18 kwa 9, ni mita 10 kwa 6. Wavu ni mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Ukiupiga mpira, makalio yasiachane na sakafu. Msidhani ni mchezo wa huruma. Jaribuni leo jioni: mkono unaokusogeza ndio huohuo unaotakiwa kuupokea mpira, na mpira wenyewe haukusubiri. Hata mpira wa kuanzishia unaruhusiwa kuzuiwa pale pale wavuni.

Majirani zetu Rwanda wameonyesha njia. Huko mchezo huu ulikua miongoni mwa watu waliopoteza viungo vitani, wakiwamo waliowahi kuwa askari wa pande mbili zilizopigana. Wakakaa upande mmoja wa wavu. Timu yao ya wanaume ilifika Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, ya London mwaka 2012. Wanawake wakafuata Rio mwaka 2016, kisha Tokyo wakawashinda wenyeji, Japani. Hilo nililipokea kwa machozi.

Nikarudi shuleni, nikaifungua kamba nikaifunga usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Tukafagia mawe, tukatandika majamvi. Nikawaketisha wote, na wale warefu wangu wakahangaika kama watoto wanaojifunza kutambaa. Binti akaweka magongo chini ya mwembe. Mpira wa tatu ulimjia yeye. Akapaza sauti, "Wangu!" Wenzake wakampisha, akaupandisha kwa vidole, ukatulia juu ya kamba tayari kupigwa.

Sasa pointi anahesabu mwingine, kwa zamu.