Msiniulize ya 2045, Niulizeni ya Mwakani

Mwenyekiti, ahsante. Walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana nimekuja na wimbo uleule. Nitauacha siku ile watu watakapoacha kuniletea jedwali lenye mwaka mmoja tu, 2045 au 2050, na asilimia kubwa ya kupunguza hewa ukaa kwenye mafuta mbele yake, halafu wananiambia: mzee, hili ndilo lengo letu. Lengo la namna hiyo ni la mdeni wa duka la Mangi anayesema atalipa Krismasi. Krismasi ya mwaka gani, hasemi.

Hewa ukaa ni nini na kwa nini inatusumbua, hilo sitaligusa. Mnalijua. Twende moja kwa moja kwenye mafuta ya magari, na twende pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, kwa sababu huko wamekaa na jambo hili muda mrefu. California ilianza kutekeleza sheria yake ya kupunguza ukaa wa mafuta 2011. British Columbia ya Kanada nayo ilianza miaka hiyohiyo. Oregon 2016, Washington Januari 2023. Ni majirani wanne, malori yao yanapishana kwenye barabara ileile, na sheria zao ni nne lakini zimeshonwa kwa kitambaa kimoja.

Sheria yenyewe haimwambii mwenye mafuta auze nini. Inampa namba. Kila aina ya mafuta inapewa alama: gramu ngapi za hewa ukaa kwa kila megajuli ya nishati, tangu kisimani au shambani mpaka kwenye bomba la moshi. Petroli na dizeli za kawaida ziko karibu na 100. Namba inayoruhusiwa inashuka mwaka hadi mwaka. Ukiuza kilicho juu yake, unadaiwa. Ukiuza kilicho chini yake, unapata krediti, na krediti moja ni tani moja. Anayedaiwa ananunua kwa mwenye nazo. Serikali haitoi senti, na bei ya krediti inapangwa na soko.

Hapo kwenye bei ndipo ninapotaka tukae, hata kama tutakaa mpaka chai ipoe.

Chukueni lita moja ya dizeli jadidifu, ile inayotengenezwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi. Tuseme alama yake ni 25. Namba ya California kwa dizeli mwaka 2023 ilikuwa kama 89. Tofauti ni 64. Lita hiyo ina megajuli 34 hivi. Zidisheni: ni kilo mbili na ushee za hewa ukaa zilizookolewa. Krediti ikiwa dola 200 kwa tani, lita hiyo inamletea mtengenezaji senti 43 za dola, mbali na bei ya mafuta yenyewe. Krediti ikiwa dola 50, inamletea senti 11. Lita ni ileile, mtambo ni uleule, mafuta ya chipsi ni yaleyale. Senti 32 zimekwenda wapi? Shikeni swali hilo.

Mwaka 2007 Gavana Schwarzenegger, naam, yule wa sinema, aliagiza kiwango cha ukaa kwenye mafuta kishuke kwa asilimia 10 ifikapo 2020. Kesi zikaanza. Mwaka 2013 mahakama ilikuta kasoro katika namna kanuni zilivyopitishwa, na kiwango kikagandishwa kwenye asilimia 1 mpaka zilipopitishwa upya 2015. Mwaka 2018 walikaa tena mezani. Ile 10 ya 2020 ikashushwa kuwa 7.5, na ikaandikwa nyingine mpya: 20 ifikapo 2030, kwa mwendo wa asilimia 1.25 kila mwaka. Mwanzoni mwa 2020 krediti ilikuwa karibu dola 200.

Watu waliamini, na walikuwa na haki ya kuamini. Viwanda viwili vikubwa vya kusafisha mafuta karibu na San Francisco, Martinez na Rodeo, viliacha mafuta ghafi vikahamia mafuta ya mimea na shahamu za wanyama. Kulikuwa na vivutio vya serikali kuu ya Marekani pia, sisemi ni krediti peke yake. Lakini kufika 2023 nusu ya dizeli iliyotumika California haikutoka kisimani. Nusu, ndugu zangu! Mwenye kutabiri hivyo 2018 angeambiwa akapumzike.

Basi krediti zikarundikana. Haziozi, haziishi muda, unaziweka akiba mpaka utakapozihitaji. Kila robo mwaka zilizozaliwa zilikuwa nyingi kuliko zilizodaiwa. Katikati ya 2024 bei ilikuwa inacheza kwenye dola 50. Senti zetu 32 zilikwenda huko.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanaponikatiza. Lengo la 2030 lilikuwa palepale kwenye karatasi, halikuguswa. Hata walikuwa mbele ya ratiba. Kwa kipimo cha wanasiasa ni ushindi mtupu. Kumbe yule aliyetaka kujenga kitu cha hatua inayofuata, mafuta ya ndege, mtambo wa gesi, vituo vya kuchajia malori, alikwenda benki na hesabu ya dola 200, na benki ikamfungulia kompyuta ikamwonyesha 50. Akarudi nyumbani. Lengo lililegea katikati ya safari, na hakuna aliyeliona kwa sababu wote walikuwa wanatazama mwisho wa barabara.

Namwona kijana pale ananikunjia uso. Utasema: bei ikishuka si dalili kwamba kazi imekuwa rahisi, tufurahi? Ningefurahi kama safari ingeishia kwenye asilimia 20. Haiishii hapo. Mafuta ya chipsi yana kikomo, hata hapa Dar es Salaam ambapo tunajitahidi sana. Baada yake yanakuja mafuta ya soya na kanola, na hapo unaanza kugombania chakula na mashamba. California yenyewe imelazimika kuweka kikomo: mafuta hayo ya mazao yapate krediti kwa sehemu isiyozidi asilimia 20 ya dizeli isiyo ya kisimani ya kila kampuni. Na mwaka 2024 shirika la mazingira la Marekani lilisema limeanza kuwakagua wauzaji, kujua kama yanayoitwa mafuta yaliyotumika kweli yaliwahi kuona kikaango. Kilicho rahisi kinaisha. Kilichobaki ni cha gharama, na chahitaji kuanza kujengwa wakati ule rahisi ungali unatosha.

Mwingine atauliza hizo alama zinapimwa na nani. Swali zuri. Kuna gesi inayokusanywa kwenye samadi ya ng'ombe wa maziwa kule California ambayo alama yake iko chini ya sifuri. Nyingine iko chini ya hasi 200! Hoja yao ni kwamba methani hiyo ingepanda angani bure, kwa hiyo kuizuia kunahesabiwa kama kuokoa. Hesabu inaweza kutetewa. Lakini miye huuliza: ikifika mahali samadi inalipa vizuri kuliko maziwa, mfugaji ataongeza ng'ombe kwa ajili ya nini? Haya, tuliache, nina dakika chache.

Novemba 2024 bodi ya California inayosimamia kanuni hizi ilipitisha malengo mapya: 30 ifikapo 2030, na 90 ifikapo 2045. Magazeti yote yaliandika 90. Mimi nilitafuta mwaka 2025, nikaona kushuka kwa mkupuo, asilimia 9 kwa pigo moja, ili kula ule mrundikano. Nikatafuta tena nikakuta kifungu kinachosema krediti zikizidi kipimo fulani, ratiba inajisogeza mwaka mmoja mbele yenyewe, bila kikao, bila kumwomba mtu. Hicho kifungu kina thamani kuliko ile 90. Aliyeandika 90 hatakuwa ofisini 2045 kuulizwa. Ratiba inayojirekebisha inauliza kila mwaka.

Kelele zilikuwa kubwa, ni kweli. Wataalamu wa bodi hiyohiyo walikuwa wametoa makadirio mwaka 2023 yaliyoonyesha petroli ingeweza kupanda senti 47 kwa galoni. Baadaye wakasema ile haikuwa tabiri. Nani alisikia? Ukishaandika namba kwenye karatasi ya serikali, dereva haulizi ilikuwa ya aina gani. Februari 2025 ofisi ya sheria ya jimbo ikawarudishia kanuni, lugha haieleweki, kaandikeni vizuri. Zikaanza kutumika Julai 1, 2025. Mnaona mahali lengo la mbali linapokwamia? Kwenye sarufi.

Oregon nawasifu nusu. Mwaka 2020 gavana wao aliagiza angalau 20 ifikapo 2030 na 25 ifikapo 2035. Mwaka 2022 tume yao ya mazingira, baada ya kupiga hesabu za magari na mafuta yanayoweza kupatikana, ikapandisha ya 2035 kuwa 37. Walihesabu kwanza, ndipo wakaandika. Nusu nyingine siwasifu. Tazameni mwendo: 10 kufika 2025, kumi nyingine kufika 2030, halafu 17 ndani ya miaka mitano ya mwisho. Mzigo wote amebebeshwa gavana ambaye bado hajagombea.

Washington walianza na 20 ifikapo 2034. Ilikuwa ndogo. Mwaka 2025, hata miaka mitatu haijatimia, bunge lao likaandika upya: angalau 45 ifikapo 2038. Wanaharakati walishangilia. Ninakubali ilihitajika, lakini mwenye fedha anajifunza jambo jingine kabisa: namba iliyoweza kupandishwa haraka hivyo, uchaguzi mmoja ukipinduka, itashushwa vilevile.

Sasa lile swali la kila mwaka: hayo ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi?

Nendeni Kisarawe. Hapo mlangoni tu, mnaweza kwenda na kurudi leo. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliandika kwamba asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu ifikapo 2020. Lengo la mbali, zuri. Kampuni moja ya Uingereza ikapewa ekari zaidi ya 20,000 katika ardhi ya vijiji 11 vya Kisarawe, kwa miaka 99, kupanda mbono kaburi. Mbono ule mnaoujua, wa uzio na makaburini, mbuzi hautaki. Brosha zilisema unastawi popote na unazaa bila kudai kitu. Ulistawi. Kuzaa ndiko kulikokuwa na maneno. Wanakijiji waliahidiwa visima, zahanati, barabara, ajira. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka. Mamia walirudi nyumbani, na ardhi haikurudi pamoja nao.

Sitasema Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, ndiyo iliyoua shamba la Kisarawe. Mbono wenyewe ulidanganya, na mitaji ilikuwa imekauka tangu msukosuko wa 2008. Lakini kilichowaleta pale ni namba ya Ulaya. Na mwaka 2015 Ulaya hiyohiyo ikabadili kanuni: mafuta yatokanayo na mazao ya chakula na mazao mengine ya mashambani yasihesabiwe zaidi ya asilimia 7. Aliyepanda 2009 akilenga 2020 alibadilishiwa mchezo 2015. Hata kama shamba lile lingesimama, lingekutana na hilo.

Mwaka 2022 kampuni ya Kiitaliano ya Eni ilifungua kinu cha kukamua mbegu Makueni, Kenya, na mafuta yake yakapelekwa Gela, Sicilia. Nyonyo na mbegu za pamba, hakuna wa kuhamishwa ardhini kwa 99. Ni afadhali. Lakini wakili yeyote humu anayesimamia mkataba wa mkulima wa namna hiyo aulize: namba ya Ulaya ikibadilika mwaka wa sita, hasara ni ya mnunuzi au ya mwenye jembe? Liandikwe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayakimbiza. Kiwango cha mafuta cha kikanda tumeshawahi kukiweka na kikashika: salfa kwenye dizeli, isizidi sehemu 50 kwa milioni, Januari 1, 2015. Kilishika kwa sababu kilikuwa na tarehe ya karibu, namba moja inayopimika bandarini, na Mombasa na Dar es Salaam zikishabadilika, Kigali na Bujumbura hazina pa kuagizia mengine. Ukaa hautapimwa kirahisi hivyo, kwa hiyo anayeandaa rasimu, naomba matatu: namba ya kila mwaka kwa miaka kumi, si ya mwisho peke yake; kifungu cha kurekebisha bei ikianguka; na aseme tangu mwanzo ni mwaka gani kanuni zitapitiwa, ili zisipitiwe kila waziri anapobadilika. Kenya iliwahi kuchanganya ethanoli ya Muhoroni kwenye petroli miaka ya 1980. Halikuendelea. Mtafuteni aliyekuwa pale awasimulie.

Bodaboda za umeme naziacha. Meli pia, ila neno moja kwa watu wa bandari: Ulaya sasa ina kiwango chake cha kupunguza ukaa wa mafuta ya meli, asilimia 2 mwaka 2025, 6 mwaka 2030, 14.5 mwaka 2035, mpaka 80 mwaka 2050. Meli ya kibiashara yenye tani za ukubwa zaidi ya 5,000 ikitoka hapa kwenda Rotterdam, nusu ya nishati ya safari ile inahesabiwa. Kwa hiyo ile asilimia 2 mmeshaanza kuilipa kwenye nauli za makontena, kama mlikuwa hamjui. Haya, maswali. Aliyenikunjia uso aanze.