Miezi Minane Ambayo Si Minane

ZUHURA: Wasikilizaji, karibuni tena. Leo naanza na ujumbe wa sauti wa mama mmoja, na nakiri nimeusikiliza mara tatu. Mwanawe ana miezi minane, hajaweza kukaa mwenyewe, na kila anayekuja kumwona anamtajia mtoto wa jirani. Mtoto alizaliwa njiti, wiki ya 30. Kaka Baraka, wewe ndiye muuguzi hapa, umekesha kwenye wodi za watoto wachanga. Mama huyu aogope?

BARAKA: Apige hesabu kwanza. Mimba hutimia wiki 40, kwa hiyo huyu alitangulia kwa wiki 10. Ziondoe kwenye hiyo miezi minane, unabakiwa na miezi mitano na nusu hivi. Sasa nikuulize, mtoto wa miezi mitano na nusu anakaa mwenyewe?

ZUHURA: Wengi bado. Unamwegemeza kwenye mto na anaporomoka vilevile.

BARAKA: Basi! Huo tunauita umri uliorekebishwa, na tunautumia mpaka mtoto afikishe miaka miwili. Mtoto amezaliwa, lakini ubongo haukupewa taarifa. Unaendelea na ratiba yake ya tumboni, ila sasa uko nje.

ZUHURA: Ratiba gani hiyo?

BARAKA: Wiki ya 24 ubongo ni laini juu, kama yai lililomenywa. Ikifika wiki ya 40 umeshajikunja mikunjo tele, kama kitambaa ulichokibana kwenye ngumi. Na wiki ya 35 uzito wake ni kama theluthi mbili tu ya ule wa mtoto aliyetimiza miezi yake.

ZUHURA: Ngoja. Yaani wiki tano za mwisho zina kazi kubwa kiasi hicho? Maana huku nje utasikia, "Ah, kawahi wiki chache tu, si kitu."

BARAKA: Hao waliowahi kidogo wengi wanakua vizuri kabisa. Lakini wanahitaji kufuatiliwa, maana wengine shida huonekana shuleni, kwenye kusoma au kutulia. Ila moyo wangu uko kwa wale wa kabla ya wiki 32. Pembeni mwa vile vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo kuna kama kitalu, mahali seli changa zinapoanzia safari. Mishipa ya damu ya kitalu hicho ni dhaifu kama uzi mbichi. Presha ikipanda na kushuka ghafla, inapasuka. Damu hizo hutoka zaidi katika siku tatu za kwanza.

ZUHURA: Ndiyo maana mnawashika kama mnashika povu?

BARAKA: Ndiyo maana. Kichwa kinalazwa katikati, hageuzwi ovyo, halafu daktari anapitisha kipimo cha ultrasaundi juu ya utosi aone kama kuna damu. Tunaipanga kwa madaraja manne. La kwanza na la pili mara nyingi halimwachii mtoto ulemavu mkubwa. La tatu na la nne, hapo tunakunja nyuso.

ZUHURA: Na kama hakuvuja damu?

BARAKA: Kuna jambo la pili, na hili halina kishindo. Seli za ubongo huzungumza kwa nyaya, na nyaya hizo huvishwa koti la mafuta ili ujumbe ukimbie. Seli zinazoshona hilo koti bado ni changa kati ya wiki ya 23 na ya 32. Oksijeni ikipungua au maambukizi yakiingia, zinakufa kabla hazijashona. Na nyaya za miguu ndizo zinazopita karibu zaidi na vile vyumba vya maji. Ndiyo maana njiti mwenye mtindio wa ubongo, mara nyingi miguu ndiyo inayokakamaa zaidi.

ZUHURA: Mama, usizime kwanza. Kaka Baraka, mpe pumzi.

BARAKA: Hata waliozaliwa kabla ya wiki 28, walio wengi hawapati mtindio. Kinachowapata wengi zaidi ni kidogo kidogo: umakini, hesabu, kupanga jambo likafika mwisho. Kwenye vipimo vya akili, waliozaliwa kabla ya wiki 32 huwa nyuma kwa wastani wa pointi 11 hivi. Lakini wastani ni wa kundi. Haumjui mwanao.

ZUHURA: Sasa tufanye nini? Sitaki tuishie kwenye msiba.

BARAKA: Uchungu ukija kabla ya wiki 32, mama huchomwa magnesiamu, na hiyo hupunguza mtindio wa ubongo. Kuna pia sindano ya kukomaza mapafu. Madaktari Liggins na Howie wa New Zealand waliionyesha mwaka 1972, na ikaja kujulikana kwamba hupunguza hata damu kuvuja kichwani. Lakini dawa ninayoipenda mimi ni kifua.

ZUHURA: Nilijua utafika huko!

BARAKA: Mwaka 1978, Bogotá, Kolombia, inkubeta hazikutosha. Daktari Edgar Rey akawafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Watafiti wakaja kuwatafuta watoto waliolelewa hivyo huko miaka ya 1990, wakiwa na umri wa miaka kama 20: hawakuwa wakorofi kama wenzao waliolelewa kwa inkubeta, na sehemu fulani za ubongo wao zilikuwa kubwa zaidi. Kisha mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ukianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atengemae, vifo hupungua kwa robo. Sasa Shirika la Afya Duniani linasema saa 8 hadi 24 kwa siku.

ZUHURA: Saa 24! Na baba naye je?

BARAKA: Kifua ni kifua. Nilikuwa na baba mmoja aliyetetemeka kuliko mtoto. Akaanza kuimba puani, wimbo wenyewe hata haukuwa na maneno. Mashine iliyokuwa ikipiga kelele usiku kucha ikanyamaza.

ZUHURA: Turudi kwa mama yetu. Aangalie nini leo?

BARAKA: Mikono. Kwa umri wake uliorekebishwa, ngumi ziwe zimefunguka na mikono yote miwili ifikie vitu. Akitumia mmoja tu, au miguu ikikaza na kupishana kama mkasi, au macho hayafuati uso, aende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo wiki hii. Asiambiwe "atakua tu". Ubongo bado unajipanga, na mazoezi ya mapema yanaukuta mlango wazi.

ZUHURA: Na jirani?

BARAKA: Amwambie mwanawe ana miezi mitano na nusu.